Njia Tatu za Kwenda Ngezi

Mwenye nyumba wetu alipokuja kutuambia kwamba kijana wake anarudi kutoka Arua na anataka kuoa, tulielewa kabla hajamaliza chai yake. Kijana anayeoa anahitaji nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ile tuliyokuwa tumekaa ndani. Tulikuwa tumepanga pale nyuma ya soko tangu tuliporudi kutoka ukimbizini, mimi, mke wangu Anastasie na binti yetu Plamedie. Kutoka mlangoni hadi redio, mahali nilipofanya kazi ya kusoma habari za asubuhi, ulikuwa mwendo wa kumaliza ndizi moja, na ndizi ndogo.

Anastasie hakulalamika. Alijifunga kitenge, akatoka, na kabla juma halijaisha alikuwa amepata nyumba huko Ngezi kwa mjane mmoja aitwaye Mama Immaculée. Vyumba vitatu, bati jipya, mti wa avoka uani, maji ya robine, yaani bomba, karibu.

"Nyumba iko muzuri," aliniambia. "Twende uione."

Mume mwingine angevaa viatu. Mimi nilisema, "Kwanza tupime njia."

Akili hiyo niliitoa Kampala. Vita vilipowaka hapa Bunia, tulikimbilia kule kwa dada yangu, na nikaona mateso ya shemeji yangu. Alikuwa amehamia pembeni ya mji kwa sababu ya nyumba nzuri. Alitoka asubuhi kabla watoto hawajaamka na kurudi wakiwa wamelala, kwa sababu ya magari yaliyosongamana barabarani. Mtoto wake mdogo alimwita "mgeni". Niliapa kwamba mimi sitahamia popote bila kujua kwanza nitafikaje kazini.

Tatizo ni kwamba Kampala ilikuwa na magari. Bunia ya mwaka ule wa 2009 ilikuwa na pikipiki, malori ya bia, magari meupe ya MONUC, askari wa Umoja wa Mataifa, na ng'ombe. Magari mawili yakikutana kwenye rompwe, ule mzunguko wa barabara, watu walisimama kuangalia nani atapita kwanza. Lakini nilikuwa nimerudi na neno kubwa, ambuteyaji, yaani msongamano wa magari, na nilitafuta pa kulitumia, kama mtu aliyenunua koti zito ugenini na sasa anaombea baridi.

"Ambuteyaji ya nini?" Anastasie aliniuliza. "Ya mbuzi?"

"Mama Plamedie, unacheka sasa. Siku habari ya asubuhi itakosa musomaji, utacheka tena?"

Kutoka Ngezi hadi redio watu walitumia njia tatu. Ya kwanza ilikuwa njia kubwa ya malori, inayozunguka sana. Ya pili ilikuwa kijia kinachoshuka mtoni na kupanda upande wa pili. Ya tatu waliiita njia ya Matofali, kwa sababu inapita katikati ya watu wanaochoma matofali. Hiyo ndiyo ilikuwa fupi kuliko zote, imenyooka, na ina miti ya kivuli. Nilipomweleza mke wangu mpango wangu wa kupima, nilitaja mbili za kwanza tu.

"Na ya Matofali?"

"Ile hapana."

"Ju ya nini?"

"Moshi," nilisema. "Moshi ya matofali inaharibu sauti. Mimi nakula ju ya sauti."

Aliniangalia jinsi anavyomwangalia Plamedie anaposema amekwisha kunawa miguu.

Wakati wa vita, mji ulikuwa umegawanyika. Kulikuwa na huku, na kulikuwa na kule, na njia ya Matofali ilikuwa kule. Waliweka magogo barabarani, na mtu wa upande wetu aliyefika kwenye yale magogo hakurudi. Sasa magogo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuwa kuni, na watu wa kila upande walipita pale na mizigo yao kichwani. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa wengi wetu bado tulilala na viatu karibu ya kitanda. Mimi nilikuwa sijapita pale hata mara moja tangu nirudi, na ninaomba ieleweke kwamba ilikuwa kwa sababu ya moshi.

Nilianza na njia kubwa. Jirani yetu Aimé, mwenye pikipiki ya kubeba watu, alinipeleka Ngezi asubuhi. Tulipofika mbele ya nyumba ya Mama Immaculée nilimwambia ageuze, anirudishe mjini haraka, niende kazini.

"Muzee, ulisahau kitu kule?"

"Hapana. Nilikuya ili nirudi."

Aliendesha polepole, kwa heshima, kama mtu anayebeba mgonjwa.

Katikati ya safari tulikuta lori la bia limelala ubavu. Watu wote wa eneo lile walikuwa wamekuja kutoa pole kwa dereva, na wengine walikuwa wanatoa pole kwa chupa. Tukangoja. Tulipopita, msafara wa magari ya MONUC ulitokea mbele yetu, gari baada ya gari, na kila moja lilitupatia vumbi lake. Aimé alikuwa na miwani na kitambaa mdomoni. Mimi nilikuwa na suti. Nilifika redio nimekuwa mweupe kama mtu aliyetoka ndani ya gunia la unga wa muhogo. Niliingia studio moja kwa moja, nikafungua mikro, nikasema "Wasikilizaji wapendwa," kisha nikakohoa hadi wimbo ulipowekwa ili kunifunika.

Wasikilizaji walipiga simu. Mmoja alikuwa muuguzi. Aliacha ujumbe kwamba msomaji wa habari aende hospitali na makohozi ya asubuhi, apimwe kifua kikuu, bila kukawia.

Nilimwambia Anastasie kwamba njia kubwa ina ambuteyaji. Nilifurahi sana kulisema.

Njia ya pili niliiendea kwa baiskeli. Nilishuka vizuri hadi mtoni, ambapo wanawake walikuwa wanafua nguo, na nikawasalimu kwa sauti yangu ya redio, ile ya chini, ili wajue nani anapita. Wakainua vichwa. Ndipo nguruwe mmoja akatoka majanini na kusimama mbele ya gurudumu langu. Sikumgonga. Nilimkwepa vizuri kabisa, na kwa ustadi uleule nikaingia mtoni.

Wanawake walinitoa. Mmoja alijitolea kuifua suruali palepale kwa kuwa sabuni ilikuwepo. Nikakataa, nikaenda kazini nikidondosha maji.

Uzuri wa redio ni kwamba hakuna anayeona suruali. Vanessa, kijana wa kike aliyekuwa anajifunza kazi kwetu, alinihurumia akanipa kitenge chake. Kilikuwa kile cha tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, chenye picha ya mama anayenyanyua ngumi. Nilikifunga kiunoni, nikaanika suruali dirishani, nikakaa nyuma ya meza na kusoma habari bila kosa. Nilikuwa ninajipongeza wakati mlango ulipofunguliwa na mkurugenzi wetu, Lucien, akaingia na wageni. Walikuwa watu wa shirika moja kutoka Kinshasa, waliokuja kuona kama tunastahili kupewa mitambo mipya.

"Na huyu ni Gustave, sauti yetu ya asubuhi," Lucien alisema. "Gustave, simama usalimie."

Sikusimama. Nilinyoosha mkono kutoka pale pale nilipokaa, nikitabasamu. Lucien alirudia kwamba nisimame. Nikasema kwamba, kwa bahati mbaya, siwezi. Mama mmoja kati ya wageni aliinama, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniambia kwa Kifaransa cha polepole kwamba mimi ni mfano kwa jimbo zima. Kisha akamgeukia Lucien na kumsifu kwa kumpa kazi mtu mwenye ulemavu, jambo ambalo redio nyingi hazifanyi.

Lucien alinitazama. Aliona ukingo wa kitenge chini ya meza. Alifikiri kidogo, akasema, "Tunafanya tunachoweza, Madame."

Mitambo ililetwa. Tangu siku ile, kila wale wageni wanaporudi, ninaombwa nikae mapema.

Jioni nilimletea Anastasie ripoti yangu. Nilizungumza kirefu. Nilisema kwamba njia kubwa ni mbovu, njia ya mtoni ni mbovu zaidi, na kwa hiyo Ngezi, ingawa ni kartiye nzuri, mtaa wa watu wazuri, haifai kwa mfanyakazi. Nilipendekeza tutafute chumba kimoja karibu na soko, hata kama Plamedie atalala chini ya meza. Anastasie alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakunikata maneno hadi nilipomaliza.

"Papa Plamedie. Weye unaogopa."

"Naogopa nini?"

"Unaogopa Matofali. Ungesema tu. Ungesema, siku ya kwanza. Sasa unaanguka mu mayi, unavaa kikwembe ya batoto ya benyewe kwa kazi, ju ya kuogopa kusema unaogopa."

Nilitafuta jibu, na neno pekee lililokuja lilikuwa moshi. Nikalimeza.

"Mimi nilishapita pale," alisema, macho kwenye majani. "Siku nilienda kutafuta nyumba, nilipita pale. Kwenda na kurudi."

Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Maana mimi sikupoteza mtu kwenye yale magogo. Aliyepoteza ni yeye. Kaka yake Fabrice, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alijaribu kupita pale katika siku za mwisho za vita, akitafuta dawa ya mama yao. Mwili hawakuuona. Aliyefiwa alikuwa Anastasie, na aliyezunguka mji mzima akila vumbi nilikuwa mimi.

"Siku ya Mungu, kisha misa," alisema, "tunaenda wote."

Jumapili hiyo, siku ya Mungu, niliomba mvua. Anga lilikuwa safi kama sahani. Nilisema kiatu kinanibana, alinipa kingine. Nilisema Plamedie amechoka. Alimwacha kwa jirani. Tukatoka. Jua lilikuwa linawaka, na nilibeba mwavuli wake. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumkinga na jua, lakini niliushika kwa mikono miwili.

Njia ya Matofali ilikuwa nzuri, na hilo liliniudhi. Mikaratusi ilikuwa pande zote mbili, ardhi ngumu, hakuna gari, na hakuna nguruwe. Matanuri yalikuwa yamepoa kwa sababu ya siku ya Mungu, kwa hiyo hata moshi haukuwepo, hata mdogo tu wa kuniheshimu. Mahali fulani, karibu na shimo la kuchimba udongo, Anastasie alipunguza mwendo. Nilipunguza wangu. Kisha akaendelea, na mimi nikaendelea nyuma yake.

Mbele kidogo watu walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha majani, mama mmoja anauza mandazi na wazee wawili watatu wanakula. Anastasie alimjua tayari yule mama. Aliitwa Mama Agathe, mtu wa kijiji cha Bule, aliyekuja mjini wakati wa vita na kubaki.

"Mama Plamedie! Leo unakuya na bwana?"

"Ni yeye huyu."

"Jambo, mama," nikasema, kwa sauti ndogo niwezavyo.

Mama Agathe aliacha mandazi ndani ya mafuta. "Ile sauti," alisema. "Ngoja. Sema tena."

"Jambo, mama."

"Yesu! Ni Gustave wa redio!"

Mzee mmoja aliyekuwa amenipa mgongo aligeuka. Alikuwa mrefu, na mikono yake mikubwa ilikuwa imejaa udongo uliokauka. Alisimama, akanyoosha kidole kwenye kifua changu, akapaza sauti kuwaambia watu wote wa pande zile:

"Huyu! Huyu njo aliniua!"

Ningependa kusema kwamba nilisimama imara. Nilifungua mwavuli. Sijui kwa nini. Mkono ulifanya wenyewe. Nilisimama pale katikati ya njia ya Matofali nyuma ya mwavuli wa maua, nikingoja, na watu walikuwa wanatoka kwenye nyumba zao.

"Papa Laurent," Mama Agathe alisema, "mutu atakufa na woga. Muelezee."

"Namuelezea nini? Aniombe musamaha!" Mzee alifika, akasukuma mwavuli pembeni kwa kidole kimoja, akaniangalia usoni. "Weye unasomaka komunike, matangazo ya misiba?"

"Ndiyo, papa."

"Wakati mama yangu alikufa, nani alileta komunike kwa redio?"

"Sijui, papa."

"Ni mimi! Mimi Laurent njo nilileta. Nikaandika muzuri, jina ya mama, jina yangu chini. Na weye ukasoma nini? Ukasoma: 'Muzee Laurent wa Matofali amefariki, habari inatolewa na mama yake.' Mama yangu alikuwa na miaka karibu mia, na alikuwa ndani ya sanduku! Alitoa habari namna gani?"

Watu walianza kucheka. Kumbe walikuwa wanaijua hadithi, walikuwa wametoka ili kumwona mhusika.

"Wajamaa walitoka Nizi na mbuzi," aliendelea, na sasa hata yeye mdomo ulikuwa unamcheza. "Banalia tangu njiani. Banaingia mu parseli, ndani ya uzio wangu, wananikuta nakunywa chai. Shangazi akaanguka. Mutoto wa kaka akakimbia mpaka barabara kubwa. Tulimaliza matanga ya mama na watu bado wananishika-shika mikono, kuangalia kama iko na moto."

"Na ile mbuzi?" Anastasie aliuliza.

"Tuliikula. Lakini kila mutu alisema iko ya kwangu, si ya mama. Mimi mwenyewe nilikula mbuzi ya kilio yangu."

Anastasie alicheka hadi akamshika Mama Agathe begani. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu tulipoondoka Kampala. Nilifunga mwavuli, nikaomba msamaha, nikasema yote ni ya kweli: asubuhi karatasi ni nyingi, dakika ni chache, na ninakimbia.

"Unakimbia zaidi ukiona majina ya kwetu," Mzee Laurent alisema. Hakuwa anacheka tena. "Ya kwenu unayasoma polepole. Ya kwetu unayapita kama mutu anapita kwa mbwa."

Nilitazama viatu vyangu. Mama Agathe alinipa andazi la moto, na nililila, na liliniunguza ulimi, na nilishukuru kuwa na sababu ya kunyamaza.

"Basi kesho," mzee alisema, "unirudishe. Kwa redio. Polepole."

Kesho yake asubuhi, mwishoni mwa habari, nilitangaza kwamba Mzee Laurent wa njia ya Matofali yu hai, ana afya, na anawasalimu jamaa zake wa Nizi, Bule na kwingineko. Nikasoma pia jina la marehemu mama yake, lote, kila silabi mahali pake. Lucien aliniuliza tangu lini tunatangaza watu ambao hawajafa. Nilimwambia ni habari nzuri, na hatuzipati nyingi.

Tulihamia Ngezi. Aimé alibeba vitanda, safari kadhaa, na safari hii aliamini kwamba sikusahau kitu. Na sasa, baada ya utafiti wangu wote, naweza kusema kwa hakika ni njia ipi inayochelewesha mtu kuliko zote: ni ya Matofali. Lori linaweza kuinuliwa na msafara unapita, lakini Mama Agathe hapitiki. Mmoja ana kosa la kusahihisha katika habari za jana, mwingine ana komunike anataka nimsomee kwanza yeye mwenyewe, asikie kama aliyekufa ni yule yule. Ninatoka nyumbani mapema kuliko shemeji yangu wa Kampala, kwa safari fupi kuliko zote Ngezi nzima.

Sitaki kusema kwamba niliponywa. Mwaka uliofuata kulikuja uvumi kwamba risasi zimesikika upande wa Djugu, kwamba mambo yanarudi. Usiku ule viatu vilirudi karibu ya kitanda, na asubuhi nilijikuta nyuma ya pikipiki ya Aimé kwenye njia kubwa, nakula vumbi. Nilifanya hivyo hadi uvumi ulipopoa. Anastasie alipita Matofali kama kawaida, na kila jioni aliniwekea mezani andazi la Mama Agathe bila kusema limetoka wapi.

Nilirudi huko asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, mazuri, yenye kikohozi ndani. Njia ilikuwa imegeuka mto wa udongo mwekundu, na Mzee Laurent alikuwa peke yake mbele ya parseli yake, anachimba mfereji kabla maji hayajaingia ndani kwa watu. Aliniangalia mara moja tu.

"Jembe lingine iko pale," alisema.

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaanza kuchimba. Redio yake ndogo ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa uzio. Saa ya habari ilipofika, nilisikia sauti ya Vanessa ikisema "Wasikilizaji wapendwa," kwa sababu msomaji alikuwa hajafika. Alisoma habari, kisha akasoma komunike, jina kwa jina, bila kukimbia. Alisoma vizuri. Nilitega sikio nikitafuta kosa, jembe mkononi, maji yakipita kwenye vidole vya miguu, na sikulipata.

"Huyu mutoto anasoma," Mzee Laurent alisema, akanionyesha mahali pa kuongeza kina.